Haki ya Kutembea: Njia, Visima na Watalii katika Nchi ya Isiolo

Utangulizi

Katika Kiswahili kitenzi kutembea kina maana zaidi ya moja. Mtu hutembea anapokwenda kwa miguu. Hutembea vilevile anapomwendea jamaa au rafiki kumjulia hali, na akiulizwa amefuata nini hujibu kwamba amekuja kutembea tu. Kitenzi kutalii nacho, ambacho asili yake ni Kiarabu, kilihusu kusoma kwa makini na kuchungua mambo kabla hakijafungamanishwa na mgeni mwenye kamera. Kwenda kwa miguu, kuzuru na kuchungua: ni nadra maana hizi tatu kukutana mahali pamoja kwa mvutano mkubwa kama zinavyokutana Isiolo.

Mji wa Isiolo uko kaskazini ya Mlima Kenya, mahali ambapo mashamba ya Meru na nyanda za Laikipia huteremka ghafula na kuwa nchi kavu ya migunga na mawe ya volkano. Kutoka hapo barabara huendelea mpaka Archer's Post, kiasi cha kilometa 35, kisha Marsabit na Moyale kwenye mpaka wa Ethiopia. Nchi inayoitwa leo Kaunti ya Isiolo ina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 25,000, na wakazi wake ni Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wasakuye, Wameru na wengineo. Kwa mgeni wa ng'ambo, hata hivyo, Isiolo ni mlango wa hifadhi tatu mashuhuri zilizo kandokando ya mto Ewaso Ng'iro, yaani Samburu, Buffalo Springs na Shaba. Hifadhi ya Samburu iko ng'ambo ya kaskazini ya mto, katika nchi ya Wasamburu. Mbili zilizobaki ziko upande wa Isiolo.

Vitabu vya kuwaongoza wageni huieleza nchi hii kuwa ni pori ambalo halijaguswa. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba maelezo hayo hayaafikiani na historia. Pahali palipo pazuri pa kutazama ni palepale palipokuwa na maji ya kunyweshea mifugo, na njia zinazoonekana kuwa za wanyama zilikanyagwa na wachungaji kwa vizazi vingi. Utupu unaomvutia mgeni ulitokana kwa sehemu kubwa na sheria, vita na mipaka. Kwa hiyo historia ya matembezi katika nchi ya Isiolo ni historia ya swali moja: ni nani aliyekuwa na ruhusa ya kutembea, na ni nani aliyesimamishwa njiani.

Njia za Maji na Mifugo

Uti wa mgongo wa nchi hii ni mto. Jina Ewaso Ng'iro ni la Kimaa, nalo linahusu mto wenye maji ya rangi ya udongo. Waborana wanaokaa kando yake huuita Waso, na wao wenyewe hujulikana kama Waborana wa Waso, ili watofautishwe na ndugu zao wa Marsabit, Moyale na Ethiopia. Mto hupata maji yake katika Mlima Kenya, safu ya Aberdare na nyanda za Laikipia, ukapita katika nchi kavu, na mwisho ukapotelea katika kinamasi cha Lorian.

Katika nchi ambayo mvua ni chache na haina miadi, mfugaji hakai mahali. Hufuata nyasi na maji. Waborana hugawanya mifugo katika makundi mawili. Kundi la warra hubaki karibu na nyumbani, nalo huwa na ng'ombe wa maziwa na ndama. Kundi la fora huenda mbali na vijana, pengine kwa miezi mingi. Kijana wa fora hujifunza nchi kwa nyayo zake: mahali nyasi zinapochipua upesi baada ya manyunyu, mahali maji ya chumvi yanapopatikana, umbali ambao ng'ombe aweza kwenda bila kunywa, na tofauti yake na ule wa ngamia. Mwendo huo haukuwa uzururaji, kama maofisa wa kikoloni walivyopenda kuuita, bali ni kazi yenye elimu yake na kanuni zake.

Kanuni hizo zilikuwa na wasimamizi. Kisima, ambacho kwa Kiborana huitwa ela, hakikuwa cha yeyote atakayekifikia kwanza. Kulikuwa na aba herega, mzee mwenye dhamana ya zamu za kunywesha. Eneo la malisho liliitwa dedha, na wazee wa dedha ndio walioamua ni sehemu gani itumiwe wakati wa mvua, ipi wakati wa kiangazi, na ipi iachwe kabisa kama akiba ya ukame. Mgeni aliyefika na mifugo hakufukuzwa, lakini hakuingia pia bila kuomba. Nchi hiyo inayodhaniwa kuwa haikuwa na mwenyewe ilikuwa, basi, na utaratibu wa wageni tangu zamani.

Majina ya mahali yanathibitisha jambo hili. Neno malka, linaloonekana katika majina kama Malka Daka, ni kivuko au mahali pa kunyweshea mtoni. Neno tula hutumiwa kwa visima virefu vya Waborana, nalo limo katika jina la Garba Tulla. Kiswahili nacho kimeacha alama zake: mashariki ya mji wa Isiolo kuna mahali paitwapo Kula Mawe, jina ambalo kila msemaji wa Kiswahili hulielewa mara moja, na ambalo lasema mengi juu ya njaa na ugumu wa njia. Ramani ya majina ya namna hii ni kitabu cha mwongozo kilichotungwa kabla ya vitabu vya mwongozo. Humwambia msafiri mahali pa kuvuka, mahali pa kunywa, na mahali ambapo hatapata kitu.

Misafara na Majina Mapya

Katika karne ya 19 njia za wafugaji zilianza kukutana na njia za misafara ya pwani. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu, kama Jumbe Kimameta wa Pangani, walikwisha kuzijua nchi za bara kaskazini kabla ya Wazungu wengi kuziona, na ndio waliokuwa viongozi wa Wazungu hao. Kimameta alikwenda na Joseph Thomson mwaka 1883, kisha na Samuel Teleki katika safari ya 1887 hadi 1888 iliyofika ziwa ambalo wageni hao waliliita Rudolf, kwa jina la mwana wa mfalme wa Austria. Ziwa hilo lilikuja kupewa jina la Turkana mwaka 1975.

Safari iliyouhusu Ewaso Ng'iro zaidi ilikuwa ya William Astor Chanler, kijana tajiri wa Kimarekani, akiwa pamoja na Ludwig von Höhnel, ambaye alikuwa amesafiri na Teleki. Waliondoka pwani mwaka 1892 pamoja na wapagazi wa Unguja, wakapanda kwa upande wa mto Tana, kisha wakaufuata Ewaso Ng'iro kuelekea mashariki. Walitaraji kulikuta ziwa kubwa la Lorian, walikuta kinamasi. Mwaka 1893 von Höhnel alijeruhiwa vibaya na kifaru, na hatimaye safari ikavunjika baada ya wapagazi wengi kuiacha. Chanler alichapisha kitabu chake mwaka 1896, na jina lake likabaki kwenye maporomoko ya mto huo, ambayo mpaka leo huitwa maporomoko ya Chanler.

Hapa yafaa kusimama kidogo. Mamia ya kilometa yalikwendwa na watu wengi waliobeba mizigo vichwani, wakapika, wakachota maji, na yamkini wakafasiri maneno kati ya wenyeji na mabwana zao. Majina yao hayamo katika ramani. Kilichobaki kwao ni lugha: Kiswahili cha misafara, ambacho baadaye kilichanganyika na Kiswahili cha askari wa King's African Rifles na cha madukani, na kuwa lugha ya soko la Isiolo. Mmarekani alipewa maporomoko. Wapagazi walijenga njia ya lugha ambayo Mborana, Mturkana, Mmeru na Msomali huipita kila siku wanapouziana mbuzi.

Kutaja mahali upya kuliendelea. Geoffrey Archer, ofisa wa Kiingereza aliyepelekwa kaskazini mwaka 1909 na ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda, aliacha jina lake kwenye kituo cha Archer's Post. Hata wanyama hawakusalimika. Punda milia mwenye milia myembamba anayepatikana kaskazini alipewa mwaka 1882 jina la Jules Grévy, rais wa Ufaransa wa wakati huo, kwa kuwa alipelekewa mnyama huyo kama zawadi kutoka Ethiopia. Swala twiga, kwa upande wake, aliingia katika Kiingereza kwa jina la gerenuk, ambalo chimbuko lake ni Kisomali. Tofauti hizi si ndogo. Jina la mwenyeji husimulia habari ya mnyama au ya mahali. Jina la mheshimiwa wa mbali husimulia habari ya mheshimiwa.

Nchi Iliyofungwa

Serikali ya kikoloni haikuiona kaskazini kuwa nchi ya kuendelezwa. Iliiona kuwa ukuta kati ya Ethiopia na mashamba ya walowezi. Sheria ya Wilaya za Mbali ya mwaka 1902 iliwezesha wilaya kufungwa, asiingie mtu ila kwa kibali. Sheria ya Utawala wa Wilaya Maalumu ya mwaka 1934 ilizidisha mamlaka hayo: makabila yaliwekewa maeneo ya malisho, na aliyevuka mpaka wa eneo lake aliweza kukamatwa. Kwa namna hiyo kutembea, ambako kulikuwa ndiyo njia ya uchumi, kulifanywa jambo la kuombea pasi.

Isiolo yenyewe ilikua kutokana na utaratibu huo. Ilikuwa karantini ya mifugo: ng'ombe kutoka kaskazini walizuiwa hapo wapimwe magonjwa kabla ya kuruhusiwa kwenda kwenye masoko ya kusini. Wasomali wa Isaaq na Herti, ambao miongoni mwao walikuwamo askari waliomtumikia Mwingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, waliruhusiwa kukaa hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waborana, wakiwa wamesongwa huko Wajir na kupoteza visima, walihamishiwa upande wa Waso. Baadaye makao makuu ya jimbo zima la mpaka wa kaskazini yakawa Isiolo. Mji ulikuwa bawaba ya mlango, na mlango ulikuwa na bawabu. Usemi unaosikika kaskazini mpaka leo, kwamba mtu aendaye kusini ya Isiolo "anakwenda Kenya," ulizaliwa na kizuizi hicho cha njiani.

Yapo mambo mawili ya kuzingatiwa juu ya kufungwa huko. Kwanza, hakukuwa sawa kwa watu wote. Ofisa wa wilaya alisafiri kwa ngamia na askari, mwindaji mwenye leseni aliingia na hema lake, na wote wawili waliandika vitabu juu ya uhuru walioupata katika jangwa. Mwenye jangwa alihitaji karatasi. Pili, kufungwa kuliacha nchi bila shule na barabara za kutosha, na upungufu huo huo ndio uliokuja kusifiwa kuwa ni uzuri wa asili. Kile ambacho mwenyeji alikiona kuwa kunyimwa, mgeni alikiita pori.

Elsa na Picha ya Nchi Tupu

Hakuna aliyeieneza picha hiyo duniani kuliko familia iliyokaa Isiolo. George Adamson alijiunga na idara ya wanyama mwaka 1938 na akawa mlinzi mkuu wa wanyama wa kaskazini, makao yake yakiwa Isiolo. Mwaka 1956 alimpiga risasi simba jike, akawachukua watoto wake watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam, na wa tatu, Elsa, alilelewa na George na mkewe Joy, kisha akafunzwa kuishi porini. Kitabu cha Joy Adamson, Born Free, kilitoka mwaka 1960, na filamu yake mwaka 1966. Elsa mwenyewe alikufa Januari 1961.

Kitabu hicho ni, kwa namna yake, kitabu cha matembezi: simba na wanadamu hutembea pamoja asubuhi na jioni, vilimani na kando ya mito. Wasomaji wa Ulaya na Marekani walijifunza kuipenda nchi ya Isiolo kwa kuifuata njia ya Elsa. Lakini aliyekuwa na kazi ya kutembea na wanasimba hao na kuwachunga alikuwa mtumishi aitwaye Nuru, na anayesoma kwa jicho la kuchungua atatambua jinsi anavyopita pembeni mwa hadithi. Simba ana jina, tabia, huzuni na kaburi. Mchungaji wake ana kazi. Si lazima kumlaumu mwandishi kwa kumpenda mnyama, wala haifai kukana kwamba mapenzi hayo yalisaidia uhifadhi. Linalopaswa kusemwa ni kwamba kitabu kilichojaa uhuru kiliandikwa juu ya nchi ambayo watu wake walikuwa bado chini ya sheria ya pasi.

Joy Adamson aliuawa tarehe 3 Januari 1980 katika hifadhi ya Shaba, alikokuwa akimrudisha chui jike porini. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba ameuawa na simba. Uchunguzi ulionyesha kwamba ameuawa na binadamu, na mtu aliyewahi kumfanyia kazi alihukumiwa. Hata katika kifo hicho, dhana ya kwanza ilikuwa mnyama. Ilikuwa vigumu kwa dunia kukumbuka kwamba Shaba ilikuwa pia nchi ya watu, yenye mishahara, ugomvi na uchungu wa watu.

Wakati wa Kusimamishwa

Kati ya umaarufu wa Elsa na kujengwa kwa utalii wa kisasa liko pengo ambalo vitabu vya mwongozo hulipita kimya. Kenya ilipokaribia uhuru, wengi wa kaskazini walitaka kujiunga na Somalia, na wengine walipinga. Tarehe 28 Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido. Mwisho wa mwaka huo hali ya hatari ilitangazwa, na vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea hadi mapatano ya Arusha kati ya Kenya na Somalia mnamo Oktoba 1967.

Katika vita hivyo watu wa Isiolo walikusanywa kwa nguvu katika kambi zilizolindwa, mahali kama Garba Tulla, Merti na Mado Gashe. Mifugo haikuweza kufuata malisho. Mingine ilikufa kwa njaa na maradhi katika ardhi iliyokwisha kulika, mingine ilitwaliwa au kuuawa. Wasakuye, ambao walitegemea ngamia, waliangamia kiuchumi. Sheria iliyopitishwa mwaka 1970 iliwakinga watumishi wa serikali wasishitakiwe kwa yaliyotendeka wakati wa hali ya hatari, na Isiolo ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotajwa.

Waborana na Wasakuye hukiita kipindi hicho gaafa daaba, yaani wakati wa kusimamishwa. Jina hili lastahili kutazamwa na kila mwanafunzi wa lugha. Halitaji risasi wala adui wala bendera. Linataja jambo moja tu, kwamba mwendo ulikoma. Kwa jamii ambayo maisha yake ni kwenda na kurudi, kusimamishwa ndiko kulikuwa maafa yenyewe, na kufa kwa mifugo kulikuwa matokeo yake. Mwanaanthropolojia Gudrun Dahl, aliyechapisha kitabu chake juu ya Waborana wa Waso mwaka 1979, aliikuta jamii ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa imekwisha fukara na kushikamana na vituo vya chakula cha msaada na vijishamba vya umwagiliaji kando ya mto.

Mgeni aliyefika mtoni katika miaka ya 1970 na kuona nyanda zilizo na pundamilia wengi na ng'ombe wachache hakuwa na mtu wa kumweleza sababu.

Hifadhi, Hoteli na Mchezo wa Kiu

Hifadhi za Isiolo na Samburu hazikuwekwa chini ya serikali kuu kama mbuga za taifa, bali chini ya mabaraza ya wilaya. Kwa mujibu wa sheria hifadhi ya aina hii yaweza kuruhusu matumizi fulani ya wenyeji, na mapato ya milangoni huingia katika baraza lao. Shaba ilitangazwa mwaka 1974. Nyumba za wageni zilijengwa kandokando ya mto na chemchemi, na tangu Katiba ya 2010 kuanza kutekelezwa katika kaunti mwaka 2013, usimamizi na mapato ya Buffalo Springs na Shaba yako chini ya Kaunti ya Isiolo.

Mpango huo ulikuwa na busara yake, kwani mwenyeji alitarajiwa kufaidi. Walakini ugumu wake ulikuwa wa kijiografia. Chemchemi za Buffalo Springs hutoa maji maangavu mwaka mzima katika nchi ambayo mto wenyewe hukauka katika miaka mibaya, hasa tangu maji mengi yaanze kuchukuliwa na mashamba ya nchi za juu. Husimuliwa kwamba bwawa moja huko lilichimbwa na bomu la ndege ya Kiitalia katika Vita Vikuu vya Pili. Iwe ni kweli au ni ngano ya njiani, mgeni husimuliwa kisa cha bomu, na ni mara chache husimuliwa kisa cha waliokuwa wakinywesha hapo. Chemchemi iliyokuwa akiba ya kiangazi ikawa pahali pa kuogelea na kupiga picha. Mchungaji aliyeingiza ng'ombe wakati wa ukame alionekana kuwa mvamizi.

Mwaka 2001 jambo hili lilifikia kilele ambacho mtunzi wa tamthilia angeogopa kukibuni. Kampuni ya televisheni ya Marekani ilifanya hifadhi ya Shaba kuwa uwanja wa mashindano ya Survivor. Washindani 16 waliwekwa katika boma la miiba, wakapewa chakula kidogo, wakawa wanatembea kufuata maji, na aliyestahimili siku 39 alipata dola milioni moja. Eneo lilifungwa ili hadithi isiharibiwe. Kutembea kwa kiu, ambako kwa watu wa Isiolo ni kazi ya kila kiangazi, kulichezwa kama mchezo mahali ambapo wao wenyewe hawakuruhusiwa kupita. Haikosekani ajira na ada ambayo wenyeji walipata. Lakini mtazamaji aliyekuwa Chicago hakuweza kujua kwamba ng'ambo ya kilima kulikuwa na watu wenye elimu kamili ya mambo ambayo washindani waliyabahatisha.

Nchi yenyewe huwakumbusha wageni mara kwa mara kwamba si pambo. Tarehe 4 Machi 2010 mafuriko ya ghafula ya Ewaso Ng'iro yaliyazoa majengo mengi ya watalii yaliyokuwa ukingoni. Kijana wa fora hufundishwa mapema kutopiga kambi kwenye kingo za mto wa mchanga.

Barabara Mpya, Maswali ya Zamani

Mambo mengi yamebadilika tangu hapo. Kufikia mwaka 2017 barabara ya lami ilikuwa imekamilika kutoka Isiolo hadi Moyale, na safari iliyochukua siku mbili au zaidi katika lori sasa hufanyika kwa siku moja. Machi 2012 mradi wa ukanda wa Lamu, Sudani Kusini na Ethiopia ulizinduliwa, na ndani yake Isiolo ilipangiwa mji wa kitalii upande wa Kipsing. Kizuizi cha zamani kimekuwa njia panda.

Pamoja na hayo zimeenea hifadhi za jamii, ambazo nyingi zimehusiana na shirika la Northern Rangelands Trust lililoanzishwa mwaka 2004. Katika hifadhi hizi mgeni aweza kutembea kwa miguu, pengine na ngamia wa mizigo, akiongozwa na kijana wa Kisamburu au Kiborana. Wapo wanaoziunga mkono kwa kuwa zimeleta ajira, karo za shule na ulinzi dhidi ya wezi wa mifugo na majangili. Wapo wanaozipinga kwa hoja kwamba malisho ya akiba yametengwa bila ridhaa ya kweli, na kwamba mamlaka ya wazee wa dedha yamepokwa na kamati zenye wafadhili. Ubishi huo ulifika mahakamani, na Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili za Isiolo, Biliqo-Bulesa na Cherab, zilianzishwa bila kufuata katiba na sheria. Haitoshi kuuona uamuzi huo kama ushindi wa mifugo juu ya wanyama wa porini, kwani wawili hao wamekunywa mto mmoja kwa karne nyingi. Kiini chake ni suala la nani aombwe ruhusa.

Hitimisho

Kwa kifupi, matembezi katika nchi ya Isiolo yamepitia mikono minne. Wazee wa visima waliyasimamia kwa zamu na ridhaa. Mkoloni aliyasimamia kwa pasi. Vita viliyasimamisha. Utalii umeyarudisha, lakini kwa kulipiwa langoni, na mara nyingi kwa mtu mwingine. Asemaye kwamba nchi hii haijaguswa hana budi kuulizwa ni nani aliyeondolewa mkono.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii haimkatai mgeni, inampa sharti. Ujio wake huwa wa heri pale mwenyeji anapopona kwao, si pale mwenyeji anapotolewa nje ili chumba kionekane kikubwa. Kwa wanaoshughulika na lugha, sharti hilo lina kazi yake mahususi. Majina ya vivuko, visima, vilima na njia za mifugo katika Kiborana, Kimaa, Kiturkana na Kisomali yafaa yakusanywe wakati wazee wanaoyajua wangali hai, yaandikwe pamoja na maana zake, na yawekwe katika vibao vya hifadhi na vitabu vya mwongozo, yakitangulia majina ya maofisa na wavumbuzi. Kiswahili, ambacho kiliwahi kuwa lugha ya kuamuru watu wasimame, kina uwezo wa kuwa lugha ya kuyafasiri majina hayo kwa Wakenya wenzao wanaoteremka kutoka Meru na Nairobi kwenda kutembea.

Hapo ndipo maana zile tatu zitakapopatana. Mgeni atakwenda kwa miguu, atazuru kwa kubisha hodi, na atachungua nchi kama mtu asomaye maandishi ya wengine. Na mchungaji atakayepita naye njiani, akiwa na ng'ombe wake wakielekea malka, hatahitaji kueleza anatafuta nini hapo.